Mashine Isiyonguruma

Jumanne, 9 Januari

Kwako Utingo wangu,

Salamu zangu na za mama yako zikufikie ukiwa na mwili unaokutii. Sisi tupo, tunasukuma. Mguu wa kulia unaburuzika kidogo kuliko mwezi uliopita, mkono wa kulia bado umegoma tangu kile kiharusi, na mdomo ndio hivyo hivyo. Mama yako anasema nimenenepa. Mtu analishwa kwa kijiko na hatoki kitandani, atakosaje kunenepa?

Habari mbaya naitanguliza. Laptopu imekufa. Namaanisha ile tuliyoazimwa na jirani, Fundi Redio, ile ambayo bawaba yake niliifunga kwa mpira wa tairi. Kioo chake kilikuwa kinapepesa kama jicho la mlevi tangu mwezi jana. Jumapili, tukiwa kwenye gemu, katikati ya mlima, lori langu limebeba saruji na wewe nyuma yangu unanimulika, ikazima kabisa. Kwa hiyo usidhani nilikukimbia. Najua ulibaki pale unapiga honi.

Fundi ameipasua, amepuliza vumbi, ameichungulia kwa tochi, kisha akaniambia kwa heshima zote, "Mzee, hii tuizike."

Mimi siombi kitu. Mama yako ndiye kaniambia niandike, maana kaniona nimekaa dirishani kutwa nayatazama magari ya watu. Ukweli ni kwamba bila ile gemu ya malori siku zangu hazina kichwa wala miguu. Mtu aliyeendesha malori maisha yake yote, leo safari yake ndefu ni kutoka kitandani kwenda chooni, tena kwa kushikwa kwapa. Mle ndani mkono mmoja unanitosha. Napita madaraja, nashusha mzigo, watu wananipisha. Na Jumapili nakuwa na wewe.

Fundi anasema ziko laptopu ndogo zenye nguvu za gemu, zinazoenea kwenye meza yangu ya kitandani. Ukiweza. Usipoweza, hakuna aliyekufa.

Naandika hapa kwake, nimebebwa na kiti changu, kwa kidole kimoja cha kushoto. Nilianza wakati wa chai na sasa naitwa chakula cha mchana.

Ni mimi baba yako,
Dereva


Jumapili, 14 Januari

Baba, shikamoo, na Mama naye nampigia magoti.

Mimi mzima, ila mgongo na mimi hatuongei. Wiki hii mwenzangu kaugua, kwa hiyo hapa kwenye nyumba ya wazee, wote wa korido ya kushoto nimewainua, nimewaogesha na kuwavisha peke yangu. Nikirudi chumbani nakaa kwenye kitanda na viatu vyangu, naviangalia tu, nguvu ya kuvivua sina.

Jumapili ile ulinitisha. Unakumbuka ulivyonifundisha nikiwa na meno ya utoto, nimekaa juu ya mto ili nione barabara? Dereva wa mbele akiwasha indiketa ya kulia, usimpite, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto, njia nyeupe, pita. Wewe hukuwasha chochote. Lori limesimama mlimani limekufa taa. Nikajua umeanguka tena. Nikapiga simu, akapokea Mama. Siku zote anapokea Mama.

Haya, tuje kwenye mashine. Jana nilipita dukani. Muuzaji ni kijana mmoja mwenye miwani minene kama chini ya chupa, mimi namwita Miwani na ameshazoea. Akanitolea mbili, akaziweka ubavu kwa ubavu. Ni ndugu wa tumbo moja: jina moja, rangi moja, zote ndogo zinaingia kwenye mkoba wangu wa kazini. Moja ni toleo la mwaka jana, nyingine la mwaka huu. Nikamuuliza tofauti, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuhubiri.

La mwaka jana ni nene kidogo na zito. Vitufe vyake vinazama vizuri. Ukilifungua nyuma unaweza kuliongezea kumbukumbu. Ila feni zake zinapiga kelele, na maiki yake ni dhaifu, Miwani anasema ukiongea mtu wa pili anasikia feni tu. La mwaka huu ni jepesi, kioo chake kinang'aa hata mbele ya dirisha, feni huisikii, na maiki zake ni kali. Lakini kumbukumbu imeunganishwa humo humo, hakuna kuongeza. Uwezo wa gemu ni karibu sawa. Bei tuiache, hilo ni langu.

Mimi moyo umelala kwa jipya, kwa ajili ya uzito. Niambie wewe.

Na Baba, tangu utoke hospitali sijawahi kukusikia. Hata neno moja. Madereva wengine kwenye ile gemu wanaongea kwa redio yao, sisi tunaandikiana na kumulikana taa kama mabubu. Nipe hata "haloo".

Binti yako,
Utingo


Ijumaa, 19 Januari

Utingo wangu,

Marahaba. Natumaini umevua viatu. Mama yako anasema uweke maji ya moto kwenye chupa, uilalie kiunoni. Hapa hatujambo, ukiacha uji wa mama yako usio na chumvi wala sukari. Hapana, nafuta hilo la uji, asije akasoma.

[Mzee amelifuta kweli, nami Fundi nimelirudisha kisha nikaambiwa nilifute. Nimelifuta kwenye nakala ya mama yako tu.]

Usimsikilize Fundi, ana maneno mengi. Nimemwondoa kwenye kiti.

Chukua la mwaka jana. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na huyo Miwani wako ndiyo kazi yake, kukuuzia kinyemi. Mimi nimeendesha malori mapya na makuukuu. Jipya lina kiti laini na redio, likiharibika porini unakaa kando yake unalia. Kuukuu unalifungua kwa spana na matusi mawili, mnaondoka. Mashine usiyoweza kuifungua ni sanduku tu.

Halafu kelele za feni ndizo ninazozitaka. Ile marehemu ilikuwa ikipanda mlima inanguruma, nami najua sasa injini inafanya kazi. Dereva anaendesha kwa masikio. Nikipewa chombo kisichonguruma nitajuaje kama kiko hai?

Na hizo maiki kali za nini? Sisi tuna indiketa.

Kuhusu sauti, mwanangu, tuliache. Ile uliyokuwa ukiisikia toka mwisho wa mtaa nikikuita ukafungue geti, baki nayo hiyo hiyo. Hii nyingine mama yako anaielewa nusu, Fundi anaitikia tu "ndiyo mzee" hata nikimtukana. Sitaki na wewe uniitikie "ndiyo mzee".

Baba yako,
Dereva


Jumamosi, 3 Februari

Baba, shikamoo. Mnaendeleaje? Mimi sijambo, na nimevua viatu.

Nakuandikia nikiwa nimejificha kwenye chumba cha mashuka. Nimenunua. Nimenunua la mwaka huu. Haya, nuna.

Sikukaidi kwa ubishi. Nilisimama pale dukani nikalipakata la mwaka jana, kisha nikajifanya mkono wa kulia sina. Nikajaribu kulisogeza, kulifunika, kulitoa mapajani, yote kwa kushoto. Likaniponyoka, Miwani akalidaka huku anaita mama yake. Hili jipya nililigeuza kwa vidole vitatu. Kazi yangu ndiyo hiyo, Baba. Naona kila siku vitu vinavyowaangukia watu miguuni kwa sababu aliyewanunulia ana mikono miwili. Umpigie Mama makelele ya bure kwa sababu ya kompyuta? Hapana.

Muuguzi mmoja wa hapa anakuja huko likizo, atawaletea. Chaja yake ni ndogo, msiipoteze. Nimekuwekea gemu, nimekuwekea jina lako, na lori nimelipaka rangi ile ya lile lako la mwisho, la bluu lenye mstari mweupe. Mstari umepinda kidogo, nilikuwa nasinzia.

Kuhusu kelele, nisamehe. Utajifunza kuendesha kwa macho kama sisi wengine.

Mtoto wako mkaidi,
Utingo


Jumatano, 28 Februari

Kwako Utingo, mkaidi, mtoto wa mkaidi,

Marahaba. Mzigo umefika salama, muuguzi wako ni mtu wa heshima, kanywa chai na kunipima presha bila kuombwa. Mama yako anakushukuru. Mimi bado nimenuna, lakini nanuna nikiwa njiani.

Nikiri tu kwamba kioo ni kitu kingine. Nimeona majani ya miti. Kwenye ile marehemu miti yote ilikuwa madoa. Nimepita daraja moja nikasimama katikati kutazama maji, malori nyuma yakanipigia honi, nikayaacha yapige. Na kweli ni jepesi, nalisogeza mwenyewe, mama yako haitwi tena kila dakika.

Lakini ukimya wake unanitesa. Naendesha kama ninayeota. Napanda mlima na tani zote zile nasikia saa ya ukutani. Imenibidi ningurume mwenyewe kwa mdomo, usicheke, najaza pengo la feni.

Jambo moja. Kulikuwa na kitaa chekundu kinawaka juu ya kitufe kimoja pale pembeni. Nilikitazama siku mbili kikaninyima raha. Mimi sijawahi kuendesha gari lenye taa nyekundu kwenye dashibodi hata hatua moja. Wenzangu waliosema "twende, tutaangalia mbele" waliua injini. Nikabonyeza kile kitufe, kikazima, na mashine ikaendelea kufanya kazi vizuri. Kwa hiyo chochote kilichokuwa kinaumwa kimepona. Mwambie Miwani ampelekee habari aliyeitengeneza.

Jumapili tukutane mizani, pale malori yanapopimwa. Mimi mbele, wewe nyuma.

Baba yako,
Dereva


Jumapili, 10 Machi

Baba, shikamoo.

Hamjambo nyumbani? Mimi leo nimechoka ule uchovu wa kulala vizuri, si ule mwingine. Mara mbili sasa tumesafiri na mashine yako mpya, na nataka nikwambie kwamba wiki yangu yote sasa naitazamia Jumapili. Kuna mzee mmoja wa korido yangu kanifia Jumanne, nimekaa naye hadi mwisho, na watoto wake wakachelewa. Nikajiambia, vumilia, Jumapili uko barabarani na baba yako.

Leo kwenye ule mteremko mrefu umeniongoza vizuri sana. Sijawahi kuteremka salama vile. Naomba Jumapili ijayo tuchukue njia ndefu, ile ya mpakani, hata ikituchukua mchana kutwa. Na tafadhali mashine iache ilivyo, usibonyeze bonyeze tena kitu.

Mwambie Mama kwamba kijiko kimoja cha sukari kwenye uji hakimuui mtu. Hata wafungwa wasingeukubali, kweli.

Nakupenda, Baba.

Utingo wako


Alhamisi, 14 Machi

Nani kakwambia habari za uji na wafungwa?

Mama yako hakukwambia, nimemuuliza. Kwenye barua ya Januari niliutaja uji tu, wafungwa sikuwagusa. Mimi jambo la uji na wafungwa nimelisema mara moja tu, Jumapili, peke yangu, nikiwa nimefunga mlango, nikipanda mlima.

Nimemwita Fundi. Nimemwonyesha kile kitufe. Akaangua kicheko, kisha akaona uso wangu akanieleza. Ni cha maiki. Taa nyekundu ikiwaka, maiki imefungwa. Ikizimika, iko wazi. Hebu niambie, ni mwendawazimu gani alitengeneza chombo ambacho nyekundu ndiyo salama?

Kwa hiyo ulinisikia. Kunguruma kwangu, kukohoa kwangu, kudondosha mate, kuimba ule wimbo ambao sasa hata maneno yake hayatamkiki. Ulinisikia mara mbili, ukanyamaza, ukaniandikia barua tamu. Mtu anayesimama chini ya dirisha la mwenzake kumsikiliza ana jina lake, na sikulea mtu wa namna hiyo.

Nilikwambia lipi unichukulie, nawe ukachukua lile lenye masikio.

Mashine nimeifunga. Mama yako ameiweka juu ya kabati.

Baba yako


Jumapili, 17 Machi

Baba yangu, shikamoo. Naomba uipokee hata kama huitikii.

Nimekosa. Ile Jumapili ya kwanza ilikuwa nikwambie pale pale, nikawasha hata indiketa ya kulia ili usimame, kisha nikaizima. Nikijitetea nitakuwa nakuudhi zaidi, kwa hiyo nakueleza ilivyokuwa, uhukumu mwenyewe.

Nilikuwa nimevaa hedifoni. Nikasikia mtu ananguruma kama lori kuukuu. Nikadhani ni dereva mwingine, mpuuzi fulani. Kisha lori lako lilipofika kwenye mteremko, yule mtu akasema, "Shusha gia, mwanangu. Usishuke na breki, utaziunguza. Gia, gia, polepole." Ulikuwa unaongea peke yako, hukujua nasikia, lakini ulikuwa unaniongoza mimi. Nikashusha gia. Nililia mpaka barabara nikawa siioni, nikaendelea kushusha gia kama ulivyosema.

Baba, nilielewa kila neno. Hukusoma kwenye barua zangu kazi yangu ni ipi? Kutwa nzima nipo na watu ambao ulimi umekuwa mzito, mdomo umevutwa upande. Madaktari wananiita mimi niwatafsirie. Watoto wao wakija wanaitikia "ndiyo baba, ndiyo baba" na hawajasikia kitu, nami nasimama pale na beseni naambiwa maneno ambayo si yangu. Mmoja aliniomba msamaha siku nzima akidhani mimi ni binti yake. Nikampa huo msamaha, ningefanyaje?

Nachoka, Baba. Nachoka kusikia baba za watu. Mgongo ni kitu kidogo, mgongo unalala. Kinachonimaliza ni kurudi chumbani nikijua kwamba mtu mmoja tu duniani ambaye ningetaka kumsikia, amenifungia. Wewe unataka nibaki na ile sauti ya getini. Ninayo, haiendi popote. Lakini ile haijui kwamba leo nimechoka. Hii inajua.

Sasa naelewa kwa nini ulitaka toleo la mwaka jana. Hukutaka ngurumo ya injini. Ulitaka kitu cha kukufunika. Ningejua hivyo dukani, bado ningechukua hili, na bado ungeninunia.

Itoe mashine juu ya kabati. Washa ile taa nyekundu kama unataka, tuendeshe kimya kimya. Nitakubali.

Utingo


Jumapili, 14 Aprili

Baba, shikamoo. Mama ameniambia kwa simu kwamba mguu unaendelea vizuri na kwamba umerudi dirishani. Hilo la dirisha limeniumiza.

Mimi naendelea. Wamenibadilishia korido, huku wengi wanatembea wenyewe, mgongo unapumua. Mwenzangu amerudi kazini.

Kila Jumapili nafika mizani saa zetu zile zile. Naegesha, nawasha hazadi, indiketa zote mbili kwa pamoja, nasubiri. Malori ya watu yananipita. Mmoja leo ameniandikia "umeharibikiwa?" nikamjibu "nangoja mwenzangu". Akanimulika taa akaenda zake. Nikiona huji, naenda mwenyewe hadi mlimani narudi. Sifurahii, lakini nisipokwenda najiona nimekuacha.

Miwani anakusalimu. Nilimweleza habari ya taa nyekundu, akasema hilo hawajawahi kulifikiria. Nikamwambia kwa sababu hawajawahi kuendesha.

Utingo wako


Jumapili, 19 Mei

Baba, shikamoo.

Sina mengi leo. Leo mchana nilipoondoka mizani kulikuwa na lori nyuma yangu, jina silijui, halikuwasha taa hata moja. Nikipunguza, linapunguza. Nikisimama, linasimama kwa mbali. Mlimani nilikuwa nimechoka, akili haipo, nikateremka na breki kama mjinga. Zikaungua, tela likanilalia, nikaingia mtaroni na mzigo wote. Nilipogeuza kamera nione nyuma, lile lori lilikuwa limesimama juu ya mteremko. Kisha likapotea.

Nimekaa mtaroni pale muda mrefu. Gemu tu, najua. Lakini nimekaa.

Msalimu Mama.

Utingo


Alhamisi, 30 Mei

Kwako Utingo wangu,

Marahaba, marahaba, na zile zote za nyuma ambazo sikuitikia, marahaba. Mama yako hajambo. Mguu hausemi vibaya. Uji umepata sukari, kijiko kimoja, baada ya kikao kirefu.

Lile lori lilikuwa langu. Nilimwomba Fundi anifungulie kwa jina lake ili usinijue. Mashine ilishuka kabatini mapema Mei, mama yako alichoka kuipangusa vumbi. Nimekufuata Jumapili tatu. Nilikuwa nakuona umeegesha pale mizani na hazadi zako, watu wanakupita, na mimi nimejibanza nyuma ya kituo cha mafuta kama mdaiwa. Sikuwa na hasira tena, hasira iliisha mwezi wa nne. Ilikuwa aibu, na aibu haina gia ya kurudi nyuma.

Ile Jumapili mlimani nilikuona tangu juu. Taa zako za breki zinawaka tu, haziachii. Nikajua zinaungua. Nikapiga kelele. Nilipiga kelele, mwanangu, mpaka mama yako akaja mbio akidhani nimeanguka. "Gia! Shusha gia!" Lori lako likaendelea kwenda, likaenda, likalala mtaroni. Hukusikia. Nikatazama chini, na kile kitaa chekundu kinawaka, niliyekiwasha ni mimi.

Ni gemu, na mimi najua ni gemu. Lakini sikulala vizuri. Maisha yangu yote barabarani sijawahi kuona mtu wangu anakwenda mtaroni nikanyamaza.

Nimefanya mazoezi na Fundi. Namsomea bei za redio alizobandika ukutani, na kila asiponielewa anainua mkono badala ya kusema "ndiyo mzee". Mwanzoni alichoka mkono. Sasa anauinua kidogo. "R" bado inanishinda, kwa hiyo nisikupe matumaini, neno "barabara" nalitamka vibaya. Asubuhi naongea vizuri kuliko jioni. Mate yanadondoka, nina kitambaa. Nikicheka ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo usinichekeshe.

Jumapili hii tukutane mizani asubuhi, tuchukue ile njia ndefu ya mpakani uliyoniomba. Safari hii utangulie wewe, mimi nyuma. Mlima ukifika nitakuambia gia ya kuingiza. Na baadaye, tukiegesha, utaniambia habari za yule mzee aliyekufia, maana ulinigusia tu na mimi sikukujibu.

Taa nyekundu nimeizima mwenyewe, na sasa najua ni ya nini. Usiponielewa, usiniitikie. Washa indiketa ya kulia, nitarudia.

Baba yako,
Dereva